Kusawazisha Upotevu wa Pakiti, Jita na Kiwango cha Matumizi katika Usanifu wa Mtandao wa Pete: Mfano wa Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Mtandao wa pete huaminiwa kwa sababu ukikatika mahali pamoja, mawasiliano huzunguka na kupita upande wa pili. Imani hiyo ina sharti moja: upande wa pili uwe na nafasi. Makala hii inafafanua uhusiano wa vipimo vitatu vya ubora wa mtandao, yaani upotevu wa pakiti, jita na kiwango cha matumizi, kwa kutumia mfano wa pete inayofuata barabara kuu za Bujumbura, Gitega, Muyinga na Ngozi nchini Burundi. Hoja yake kuu ni kwamba kiwango cha matumizi kinachopaswa kusimamiwa na mhandisi pamoja na mdhibiti ni kile cha siku ya ajali, wala si kile cha siku ya kawaida. Makala inaonesha kwa hesabu kwamba pete inayosomeka kuwa imejaa chini ya asilimia 60 inaweza kuwa tayari imezidiwa. Aidha, inaonesha kwamba pete iliyo kamili katika ramani ya mtandao inaweza isiwe pete katika ardhi. Mwishoni yametolewa mapendekezo matano kwa wasanifu na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Ryansoro iko kusini mwa Gitega. Kabla ya mgawanyo mpya wa utawala uliopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, ilikuwa miongoni mwa komine 11 za mkoa wa Gitega. Ni eneo la vilima na mashamba, na mkazi wake hauoni mtandao wa taifa kama mchoro wa nyaya. Huuona katika mambo matatu: simu inayosikika au kukatikakatika, malipo ya simu yanayokamilika au kuning'inia, na fomu ya zahanati inayotumwa au kugoma. Mambo yote matatu huamuliwa na foleni zilizo mbali naye, nyingine Gitega, nyingine Muyinga, nyingine Dar es Salaam au chini ya bahari.

Burundi haina pwani. Mawasiliano yake ya kimataifa hupita kwa jirani kabla ya kuifikia bahari. Njia mojawapo hutoka Muyinga, huvuka mpaka wa Kobero na Kabanga, kisha huingia katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania hadi Dar es Salaam, zilikotua kebo za SEACOM (2009) na EASSy (2010). Ndani ya nchi, mradi wa Burundi Backbone System, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, uliunganisha miji ya mikoa kwa faiba. Kwa hiyo swali la leo limepita lile la kama faiba ipo. Linalohitaji jibu ni namna ya kuitumia ili inapokatika, mtu wa Ryansoro asikatike pamoja nayo.

Majina ya miji na mikoa yanatumika hapa kama yalivyozoeleka kabla ya mgawanyo mpya. Takwimu za mahitaji ya miji katika mfano ni za kufafanulia hesabu tu, na hazikuchukuliwa kwa kampuni yoyote.

2.0 Istilahi na dhana za msingi

Pakiti ni kifurushi kidogo cha data kinachosafirishwa peke yake. Ukubwa wake wa kawaida wa juu ni baiti 1,500, sawa na biti 12,000. Upotevu wa pakiti ni sehemu ya vifurushi visivyofika. Jita ni kuyumba kwa ucheleweshaji: pakiti moja inafika baada ya milisekunde 20, inayofuata baada ya 23, nyingine baada ya 45. Kiwango cha matumizi ni uwiano wa data inayopita katika kiungo kwa uwezo wa kiungo hicho. Bafa ni nafasi ya kumbukumbu ndani ya ruta, ambamo pakiti husubiri zamu yake.

Pete ni mpangilio ambao kila kituo kimeungwa na majirani wawili, hadi duara likafunga. Faida yake ni uchumi: kwa kuongeza kiungo kimoja tu juu ya mstari mnyoofu, kila kituo hupata njia mbili. Ndiyo maana pete imependelewa katika mitandao ya taifa, ukiwemo Mkongo wa Tanzania. Teknolojia za kugeuza njia nazo zimekomaa. Kiwango cha G.8032 cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kwa mfano, kinalenga kugeuza mawasiliano ndani ya milisekunde 50 katika pete yenye vituo visivyofika 16 na faiba isiyofika kilomita 1,200. Hata hivyo, kugeuza njia ni jambo moja, na kuwa na mahali pa kuyapeleka mawasiliano yaliyogeuzwa ni jambo jingine. Kiwango hicho hushughulikia la kwanza. La pili hubaki mikononi mwa msanifu.

3.0 Vipimo vitatu, foleni moja

Ni kawaida ya taarifa za kiufundi kuorodhesha upotevu, jita na matumizi kana kwamba ni mambo matatu yanayojitegemea. Kwa hakika ni sura tatu za foleni moja. Matumizi yakipanda, foleni hurefuka. Foleni ikirefuka na kufupika, jita hutokea. Foleni ikijaza bafa, pakiti hutupwa.

Nadharia ya foleni, ambayo msingi wake uliwekwa na Mdenmaki A. K. Erlang mwaka 1909 alipochunguza simu za Copenhagen, inatoa kadirio rahisi. Ikiwa pakiti huwasili kwa nasibu na ukubwa wake hubadilikabadilika, wastani wa kusubiri ni muda wa kuhudumia pakiti moja ukizidishwa kwa uwiano wa matumizi na nafasi iliyobaki. Kwa matumizi ya asilimia 80, uwiano huo ni 80 kwa 20, yaani 4. Kwa asilimia 95, ni 95 kwa 5, yaani 19. Jedwali la 1 linalinganisha viungo viwili: cha megabiti 100 kwa sekunde, mfano wa kiungo cha redio kinachopanda kilimani kuelekea komine, na cha gigabiti 10 kwa sekunde, mfano wa kiungo cha pete.

Jedwali la 1: Wastani wa kusubiri katika foleni, kwa mikrosekunde (wastani wa pakiti ni baiti 1,500)

| Kiwango cha matumizi | Kiungo cha megabiti 100 | Kiungo cha gigabiti 10 |
|---|---|---|
| Asilimia 50 | 120 | 1.2 |
| Asilimia 80 | 480 | 4.8 |
| Asilimia 90 | 1,080 | 10.8 |
| Asilimia 95 | 2,280 | 22.8 |
| Asilimia 99 | 11,880 | 118.8 |

Jedwali hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jita ya mkazi wa Ryansoro, katika siku ya kawaida, haizaliwi katika pete. Huzaliwa katika mkia, yaani kile kiungo chembamba kinachotoka kwenye pete kwenda komine. Kwa matumizi yaleyale ya asilimia 95, mkia huchelewesha mara mia moja zaidi ya pete. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu; mtandao nao huyumbia pembamba.

Funzo la pili ni la hatari zaidi kwa sababu linafariji. Kiungo cha gigabiti 10 huonekana kutojali matumizi: hata kikifikia asilimia 95, kusubiri kwa wastani ni chini ya sehemu ya arobaini ya milisekunde. Msanifu anaweza kuhitimisha kwamba akiba ya uwezo ni anasa. Hitimisho hilo halizingatii mambo mawili. Mosi, mawasiliano halisi ya kompyuta hayawasili kwa utulivu unaodhaniwa na kadirio hili. Uchunguzi wa Leland na wenzake, uliochapishwa mwaka 1994, ulionesha kwamba mawasiliano hayo huja kwa mafungu, na mafungu hayo hayalainiki upesi hata yakitazamwa kwa vipindi virefu. Pili, kiungo chenye kasi hakiharibiki polepole kama kuteremka mlima; huharibika kama kufika kwenye ukingo wa jabali. Mahitaji yakizidi uwezo hata kidogo, bafa hujaa yote. Bafa ya milisekunde 50 ikijaa, kila pakiti husubiri milisekunde 50. Ni kutoka mikrosekunde 22.8 hadi mikrosekunde 50,000, na kati yake hapana kituo cha kupumzikia.

4.0 Gharama ya upotevu ni kubwa zaidi kwa nchi iliyo mbali na bahari

Upotevu wa pakiti moja kwa mia waweza kuonekana mdogo. Katika simu, masikio huuvumilia. Katika uhamishaji wa faili, hali ni tofauti, kwani itifaki ya TCP huuchukua upotevu kuwa ishara ya msongamano na kupunguza mwendo. Mathis na wenzake (1997) walionesha kwamba mwendo wa mhamisho mmoja hupungua kadiri muda wa kwenda na kurudi unavyoongezeka, na kadiri kipeuo cha pili cha upotevu kinavyoongezeka. Fomula yao ni kadirio, na aina mpya za TCP huikiuka kwa kiasi, lakini mwelekeo wake bado ni mwongozo mzuri.

Tuchukue safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 180 kati ya Burundi na seva iliyoko Ulaya. Kwa upotevu wa pakiti moja katika 10,000, mhamisho mmoja hupata takribani megabiti 7.9 kwa sekunde. Kwa upotevu wa pakiti moja katika 100, hupata takribani megabiti 0.8. Seva hiyohiyo ikiwa Gitega, milisekunde 5 tu kutoka kwa mtumiaji, upotevu wa pakiti moja katika 100 bado ungempa karibu megabiti 28. Upotevu uleule, adhabu tofauti. Umbali huuzidisha upotevu, na nchi isiyo na pwani hulipa zaidi kwa kila pakiti inayotupwa. Kwa sababu hiyo, kuhifadhi maudhui yanayotumiwa sana ndani ya nchi na kubadilishana mawasiliano katika kituo cha nchini si suala la fahari ya taifa tu. Ni njia ya kupunguza madhara ya upotevu ambao hauwezi kuepukwa wote.

Msanifu anaweza kujaribu kuukimbia upotevu kwa kuongeza bafa. Hapo hubadilisha upotevu kuwa jita. Kwa upande wake, kifaa cha simu hupokea pakiti zenye jita na kuziweka katika bafa yake ndogo ili zitoke kwa mpangilio. Pakiti inayochelewa kupita uwezo wa bafa hiyo hutupwa, na jita ikawa imegeuka kuwa upotevu tena, safari hii sikioni. Ukubwa wa bafa, basi, hauna jibu la "kadiri inavyozidi ndivyo inavyofaa". Appenzeller, Keslassy na McKeown (2004) walionesha kwamba kiungo kinachobeba mihamisho mingi kinahitaji bafa ndogo mno kuliko kanuni ya zamani ilivyodai. Kwa kiungo cha gigabiti 10, safari ya milisekunde 180 na mihamisho 10,000, kanuni ya zamani ingetaka bafa ya milisekunde 180. Kanuni yao hutosheka na milisekunde 1.8.

Kiwango cha Y.1541 cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kwa daraja la juu linalofaa mazungumzo, kinaweka kikomo cha wastani wa ucheleweshaji wa milisekunde 100, jita ya milisekunde 50 na upotevu wa pakiti moja katika 1,000. Tutavitumia vikomo hivi kama kipimo katika sehemu inayofuata.

5.0 Pete ya mfano: siku ya kawaida na siku ya ajali

Tuchore pete inayofuata barabara kuu: Bujumbura, Gitega, Karusi, Muyinga, Ngozi, Kayanza na kurudi Bujumbura. Tukadirie mzunguko wake kuwa kilomita 400 na kila kiungo kuwa na gigabiti 10. Mahitaji ya saa za kilele yawe gigabiti 3 kwa Gitega, yakiwemo ya Ryansoro na komine nyingine zinazoning'inia hapo, 0.8 kwa Karusi, 2 kwa Muyinga, 2.2 kwa Ngozi. Na 1 kwa Kayanza. Jumla ni gigabiti 9, na kwa sasa tuchukulie kwamba zote zinaelekea Bujumbura.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Mwanga hutumia takribani mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya faiba. Gitega ikipoteza njia yake fupi ya kilomita 100 na kuzunguka kilomita 300, ucheleweshaji huongezeka kwa milisekunde 1 tu. Katika nchi yenye eneo la Burundi, urefu wa mzunguko si tatizo. Tatizo ni nani mwingine aliyemo njiani.

Siku ya kawaida, Gitega na Karusi hupita mkono wa kusini, jumla gigabiti 3.8, yaani asilimia 38. Muyinga, Ngozi na Kayanza hupita mkono wa kaskazini, jumla gigabiti 5.2, yaani asilimia 52. Foleni ni za mikrosekunde, upotevu haupo, na meneja anayetazama ubao wa takwimu anaona nusu ya mali yake imelala. Ni rahisi kumshawishi aahirishe upanuzi.

Sasa kiungo cha Bujumbura na Gitega kikatike. Gigabiti zote 9 hupita Kayanza. Kiungo cha mwisho kinafikia asilimia 90. Mtandao unasimama, lakini kwa vidole vya miguu: fungu lolote kubwa la pakiti litaujaza.

Mahitaji yakikua kwa asilimia 12 tu, hali hubadilika kabisa. Siku ya kawaida ubao utasoma takribani asilimia 43 na asilimia 58, tarakimu ambazo hazimtishi yeyote. Siku ya ajali, mahitaji ni gigabiti 10.08 dhidi ya uwezo wa 10. Mahitaji hayo yasipojipunguza, upotevu ni takribani asilimia 0.8, mara nane ya kikomo cha Y.1541. Kwa fomula ya Mathis na safari ya milisekunde 180, kila mhamisho unashuka hadi megabiti 0.9 hivi. Foleni hubaki imejaa, na kila pakiti, ikiwemo ya simu ya mgonjwa anayeita gari la wagonjwa, hubeba mzigo wa bafa nzima. Ikiwa mahitaji hukua kwa asilimia 30 kwa mwaka, umbali kati ya pete iliyo salama na pete iliyozidiwa ni miezi mitano.

Kanuni inayotokana na hesabu hii ni fupi: katika pete yenye lango moja, jumla ya mahitaji ya mikono yote miwili lazima itoshe katika mkono mmoja, ikiachia nafasi kwa mafungu. Ikiwa kikomo cha siku ya ajali ni asilimia 80, basi jumla ya mikono miwili siku ya kawaida isivuke asilimia 80. Kwa mikono iliyosawazishwa, kila mmoja usizidi asilimia 40. Kile kinachoonekana kuwa uwezo uliolala ndicho bima yenyewe. Akiba haiozi.

Kuhusu gharama ya akiba hiyo, ni muhimu kutofautisha aina mbili za uwezo. Ndani ya nchi, faiba ikishafukiwa, kuongeza uwezo mara nyingi ni kubadilisha vifaa vya mwanga katika ncha zake. Mtaro hauchimbwi upya. Uwezo wa kimataifa hulipiwa kila mwezi, na kilomita ni nyingi. Kwa hiyo kanuni ya asilimia 40 inafaa kushikwa kwa ukali ndani ya pete, ilhali katika lango la kimataifa msanifu anaweza kukubali matumizi makubwa zaidi, mradi ameweka utaratibu wa kipaumbele unaojadiliwa katika sehemu ya 7.0.

6.0 Pete katika ramani na pete katika ardhi

Mfano wetu una kasoro ambayo mchoro wa mtandao hauioneshi. Barabara ya Bujumbura kwenda Kayanza na ile ya Bujumbura kwenda Gitega ni barabara moja hadi Bugarama. Hapo ndipo hugawanyika: moja huendelea kaskazini, nyingine hushika njia ya Muramvya kuelekea Gitega. Sehemu hiyo ya chini hupanda ukingo mkali wa milima juu ya bonde la Rusizi, mahali ambapo mvua kubwa huporomosha udongo. Faiba zinazofuata barabara hizo mbili, hata kama ni nyaya mbili katika mifereji miwili, zinakaa katika mteremko mmoja. Poromoko moja lakata mikono yote miwili.

Kwa lugha ya hesabu, uwezekano wa viungo viwili kukatika pamoja si zao la uwezekano wa kila kimoja kukatika peke yake, kwa kuwa havijitegemei. Dawa yake ni ya kijiografia: mkono mmoja ushuke Bujumbura kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia Mwaro na Ijenda. Njia hiyo ingekuwa na faida ya pili kwa kuwa ingeisogeza faiba karibu na komine za kusini mwa Gitega, Ryansoro ikiwemo, na kufupisha mikia yao.

Umeme nao ni sehemu ya ardhi. Pete huvumilia kituo kimoja kuzimika. Vikizimika viwili, kila kilicho kati yao hutengwa. Gitega na Ngozi zikikosa umeme kwa pamoja, Karusi na Muyinga hubaki kisiwa, hata kama faiba yote ni nzima. Katika nchi ambayo miaka ya karibuni imeshuhudia uhaba wa mafuta, jenereta isiyo na dizeli haiwezi kuhesabiwa kuwa akiba. Betri na paneli za jua katika vituo vya pete ni sehemu ya usanifu wa upotevu wa pakiti, ingawa bajeti nyingi huziweka chini ya majengo.

Somo la njia zisizojitegemea halikomei nchi kavu. Februari 2012, nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS karibu na Mombasa, siku chache baada ya kebo nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Wale waliokuwa wamehamia TEAMS kama njia mbadala walijikuta hawana pa kwenda. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania iliathirika vibaya, na athari zikasambaa kwa nchi jirani. Mteja aliyekuwa amenunua uwezo katika kebo zote mbili alikuwa na mikataba miwili na njia moja.

7.0 Lango la pili na swali la nani apite kwanza

Poromoko la Bugarama likitokea, kilichobaki ni lango la Kobero. Hapo hesabu ya pete hugeuka. Gitega na Karusi huelekea Muyinga kwa gigabiti 3.8; Kayanza na Ngozi huelekea huko kwa gigabiti 3.2, Muyinga yenyewe huongeza 2. Viungo vya pete havijazidi asilimia 38, lakini lango linatakiwa kupitisha gigabiti 9. Ikiwa uwezo uliolipiwa Kobero ni gigabiti 2, gigabiti 7 hazina mlango. Pete itasomeka kuwa na afya njema huku wateja wakiwa gizani.

Kununua gigabiti 9 kwa ajili ya siku chache za mwaka huenda kusikubalike kiuchumi. Ndipo utaratibu wa kipaumbele, uliosanifiwa katika viwango vya intaneti tangu 1998, unapopata kazi yake. Kipaumbele hakiongezi uwezo. Huamua upotevu uangukie nani. Simu moja isiyobanwa huhitaji takribani kilobiti 80 kwa sekunde. Simu 5,000 kwa wakati mmoja zinahitaji megabiti 400, yaani moja ya tano ya lango la gigabiti 2. Miamala ya malipo ya simu na ujumbe wa zahanati ni midogo zaidi. Kwa hiyo hata lango dogo linaweza kulinda huduma zote ambazo jamii haiwezi kuzikosa, na jita yake ikabaki ndogo, ilimradi video na masasisho ya programu yakubali kusubiri.

Ugumu ni kwamba kipaumbele hufanya kazi kwa wachache tu. Kikigawiwa kwa kila mteja anayelipa zaidi hadi nusu ya lango ikawa na kipaumbele, foleni ya wenye haraka huwa na jita kama foleni ya kawaida. Kwa kanuni ya tahadhari, mawasiliano yenye kipaumbele yasizidi theluthi moja ya uwezo wa kiungo kilicho chembamba zaidi, na hesabu ifanywe kwa hali ya ajali. Aidha, uamuzi wa nani awe ndani ya theluthi hiyo si wa mhandisi peke yake. Ni uamuzi wa kisera unaogusa haki ya raia, na unapaswa kuandikwa kabla ya poromoko, si usiku wa poromoko.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza yafuatayo.

(i) Taarifa ambazo kampuni huwasilisha kwa mdhibiti, ambaye nchini Burundi ni ARCT, ziwe na kiwango cha matumizi cha kila kiungo katika hali ya kukatika kwa kila kiungo kingine. Kwa pete ya viungo sita, hizo ni hesabu sita tu.

(ii) Upimaji usitegemee wastani wa dakika tano pekee. Kiungo kinachosomeka asilimia 60 kwa dakika tano kinaweza kuwa kimejaa kwa sekunde kadhaa ndani yake. Upotevu na jita vipimwe kwa pakiti za majaribio, kutoka mwisho wa mkia hadi lango la kimataifa.

(iii) Iandaliwe daftari la njia za ardhini: barabara, madaraja, miteremko na vyanzo vya umeme ambavyo viungo hushiriki. Neno "pete" lisitumike katika leseni au zabuni bila daftari hilo kuthibitisha.

(iv) Vigezo vya ubora viwekwe pia kwa mikia ya komine. Mtandao wenye pete nzuri na mikia iliyofikia asilimia 95 haumhudumii mtu wa Ryansoro.

(v) Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikubaliane juu ya uwezo wa dharura katika vituo vya mpakani kama Kobero na Kabanga, kwa bei iliyopangwa mapema, pamoja na orodha ya pamoja ya huduma zenye kipaumbele. Pete ya nchi moja huishia mpakani. Pete inayomlinda raia lazima ivuke.

9.0 Hitimisho

Upotevu wa pakiti, jita na kiwango cha matumizi havisawazishwi kwa kutafuta tarakimu moja ya dhahabu. Husawazishwa kwa kuamua kwanza ni ajali ipi mtandao unapaswa kuihimili, kisha kuhesabu kurudi nyuma: uwezo unaobaki baada ya ajali hiyo, foleni itakayotokea, pakiti zitakazotupwa na za nani. Kwa pete ya Gitega na Muyinga, hesabu hiyo inaonesha kwamba asilimia 40 ni kiwango cha matumizi chenye busara, kwamba mteremko wa Bugarama una uzito kuliko ruta yoyote, na kwamba lango la Kobero linahitaji makubaliano kabla ya kuhitaji megabiti. Hesabu yenyewe ni nyepesi na yaweza kufanywa kwa kalamu. Kinachosalia ni kuifanya kuwa sharti.